Mkatalogi anastaafu, nafasi yake inabadilishwa

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia maktaba ya chuo kikuu. Mkatalogi wetu mkongwe, anayeandika rekodi za vitabu, anastaafu baada ya miezi mitatu, na utawala unataka nafasi yake apewe mtu wa data za utafiti. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Kubali, ila mkatalogi wako asiondoke na yaliyomo kichwani mwake. Nilipostaafu mimi niliacha daftari moja tu, wenzangu wakahangaika mwaka mzima kujua kwa nini tasnifu za zamani hazifuati namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada. (Rafu ilijaa, basi!) Mwombe aandike rekodi za vitabu kumi vigumu, kijana wa dawati la kuazimia akiwa kando yake akiuliza "kwa nini?" kila hatua.

Nafasi mpya, tafuta mtu ndani kwanza. Aliyezoea MARC, mfumo wa rekodi uliobuniwa Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, metadata, yaani maelezo yanayoitambulisha data, si ngeni kwake. Atabaki kufundishwa mafaili ya watafiti tu. Na cheo kiende na mshahara. Nimeona watu wakiongezewa majukumu kwa barua ya pongezi tu. Mwaka haukuisha, wakahama.