Tafuta komponenti kwa kazi yake, si kwa sura yake

Wadogo zangu mnaoingia ofisini hapa Kisumu kwa mafunzo ya kazini, wengine kutoka Maseno, wengine kutoka vyuo vya ufundi: kuna mahali pamoja ambapo siku nyingi za mwanzo hupotea bure, nako ni kwenye kisanduku cha kutafutia komponenti, yaani vipande vya skrini vilivyo tayari, kama kitufe au orodha ya kuchagua. Umepewa fomu uijenge. Unachokitaka unakijua, umekitumia kwenye simu mara nyingi, lakini ukiandika neno lako zana inajibu kwamba hakuna kitu. Basi unaanza kukiunda mwenyewe kutoka mwanzo, na kitu hicho kilikuwapo muda wote.

Zana haijui unachowaza. Inalinganisha herufi ulizoandika na maneno yaliyowekwa na mwenye maktaba, yaani mkusanyiko wa komponenti: jina la komponenti, pengine maelezo mafupi, na maneno ya utafutaji ikiwa alikumbuka kuyaongeza. Kama neno lako halimo humo, hata utafute kutwa hulipati.

Chukua kazi ya kawaida kabisa. Duka linapeleka bidhaa mitaani na mteja anatakiwa achague mtaa wake: Kondele, Migosi, Milimani, Mamboleo, Manyatta A na B, Nyalenda A na B, Nyamasaria, Nyawita. Orodha ni ndefu kwa simu ndogo, kwa hiyo unataka mteja akiandika "nya" yabaki majina yanayohusika tu, kisha aguse moja. Wengi huandika "dropdown" na kuletewa menyu ya vitendo, ile ya Hariri, Futa, Tuma. Wakiandika "select", mara nyingi wanapata orodha ya kuchagua isiyokuwa na pa kuandika.

Katika mwongozo wa ARIA wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kitu hicho kinaitwa "combobox". Ukihamia MUI, mojawapo ya maktaba za komponenti kama zilivyo Ant Design na Bootstrap, kitafute kwa "autocomplete". Ant Design nao wana "AutoComplete", lakini hapo tulia usome kwanza, kwa sababu yao inamwacha mteja aandike chochote apendacho, na orodha ni vidokezo tu. Kama mtaa lazima utoke kwenye orodha yako, komponenti inayokufaa kwao ni "Select" iliyowashiwa "showSearch". MUI ni kinyume chake: mteja hufungwa kwenye orodha mpaka wewe uwashe "freeSolo". Jina linafanana, tabia ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama dereva wa boda atapata mtaa unaojulikana au neno alilobuni mteja. Bootstrap nayo ilikuwa na "typeahead" katika toleo la 2, ikaondolewa katika toleo la 3 mwaka 2013. Majibu ya zamani yanayoitaja bado yamejaa mtandaoni, kwa hiyo usishangae ukiitafuta kwenye toleo la leo usiione.

Ndiyo maana nawasihi muanze na kazi. Kabla ya kugusa kibodi, sema kwa sentensi moja mtumiaji anafanya nini: anaandika, orodha inapungua, anachagua moja. Halafu nenda The Component Gallery, ambako komponenti za mifumo mingi ya usanifu zimekusanywa pamoja na majina mengine zinayoitwa, uchukue majina yote matatu au manne kabla ya kurudi kwenye maktaba mnayotumia. Baada ya muda utayajua kwa moyo: "modal" ya Bootstrap na "dialog" ya HTML (dirisha linalojitokeza juu ya ukurasa), "toast" na "snackbar" (ujumbe mfupi unaotokea na kutoweka), "accordion" na "collapse" (sehemu inayokunjuka na kukunjwa), "chip" na "tag" (lebo ndogo). Yaandike kwenye daftari lako. Mimi naliona daftari hilo kuwa na faida kuliko kozi nyingi za kulipia.

Kuhusu kuandika kwenyewe: neno moja, fupi, la umoja. Zana nyingi ndogo hutafuta mfululizo wa herufi tu, kwa hiyo "modals" hurudisha patupu pale ambapo "modal" ingeleta jibu, na "date" itakupa kalenda iwe mwandishi ameiita "DatePicker" au "date picker". Zile zinazosamehe makosa ya tahajia zinasaidia ukiandika "acordion", lakini hazitakuvusha kutoka "modal" hadi "dialog", maana herufi zao hazikaribiani.

Bando likiwa limebana, Storybook ya timu, zana inayoonyesha komponenti zenu moja moja, inaendeshwa kwenye laptopu yako bila intaneti, ikishasakinishwa. Itumie.

Ukishaipata komponenti, ijaribu kabla ya kuikumbatia. Andika "nya" kwa herufi ndogo. Andika "lenda" uone kama inatafuta hata katikati ya neno. Shuka kwa kitufe cha mshale, chagua kwa Enter, funga kwa Escape. Kisha ifungue kwenye simu ya bei nafuu. WCAG 2.2, miongozo ya W3C ya kufanya wavuti utumike na watu wote, ya mwaka 2023, inataka sehemu ya kugusa iwe angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS, isipokuwa katika hali chache, na kwa dole gumba la mtu aliye ndani ya matatu mimi ningeongeza zaidi.

Siku itafika uambiwe uongeze komponenti kwenye maktaba ya timu. Hapo tafadhali usiandike jina peke yake. Aikoni za Lucide zina orodha ya maneno kwa kila aikoni, ndiyo maana pipa la taka linapatikana hata kwa anayeandika "delete". Faili ya package.json, inayoeleza kifurushi cha msimbo, ina sehemu ya "keywords" kwa kazi hiyo hiyo, ili kifurushi kionekane watu wanapotafuta kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kwa komponenti ya mitaa, weka "combobox", "autocomplete", "typeahead", "dropdown" na "select", hata kama mawili ya mwisho unayaona si sahihi, kwa kuwa ndiyo atakayoandika mgeni. Na kama zana yenu inahifadhi maneno yaliyotafutwa, yapitie kila Ijumaa, na kila neno lililokosa jibu liongeze kwenye komponenti yake siku hiyo hiyo.