Maswali ya Wasomaji: Yungiyungi la Peru Limeacha Kuchanua

SWALI: Mhariri wa bustani, pokea salamu zangu. Jirani alinigawia mizizi ya yungiyungi la Peru, nikaipanda kando ya ukuta wa mawe, upande unaopigwa na jua la alasiri. Mwanzoni nilipata maua mengi, lakini sasa naona majani matupu juu ya mashina membamba, ingawa namwagilia maji na kuongeza mbolea ya CAN kila mwezi. Maua yenyewe huwa nayakata kwa mkasi. Nifanye nini?
Msomaji wa kike, Limuru

JIBU: Ahsante, dada, kwa kutueleza kwa kina, kwani sehemu kubwa ya jibu imo katika maelezo yako. Asili ya mmea huu, uitwao pia alstroemeria, ni Amerika ya Kusini, hasa Chile na Brazili, na kinachoamua iwapo chipukizi litabeba maua au majani tu ni, kwa kiasi kikubwa, joto la udongo unaozunguka shina lake la chini ya ardhi. Udongo ukiwa na nyuzi 15 hivi za Selsiasi, machipukizi yenye maua hutoka kwa wingi; ukikaa juu ya nyuzi 20 kwa muda mrefu, maua hupungua na hatimaye hukoma. Baridi ya Limuru inaufaa sana, na si ajabu kwamba mashamba ya maua ya nyanda za juu za Kenya huukuza kwa ajili ya soko la nje. Ninayemshuku ni ukuta wako, kwa sababu mawe hufyonza joto alasiri nzima na kulirudisha udongoni hata baada ya jua kutua.

Mvua za masika zikianza, ng'oa kichaka kwa uma wa bustani, ukichimba mbali kidogo na mashina ili usivunje ile mizizi minene myeupe inayohifadhi chakula. Kigawe, kila kipande kikiwa na machipukizi kadhaa na mizizi yake, kisha panda vipande hivyo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, pasipotuama maji. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, unene wa sentimita 8 hivi, bila kuyafunika mashina. CAN iache kabisa kwa sasa: ina naitrojeni nyingi, nayo hukuza majani kuliko maua. Samadi iliyooza vizuri, pamoja na mbolea yenye potasiamu, itatosha.

Kuhusu mkasi, hapo ningependa ubadili desturi. Kichaka kikishakomaa, shika shina karibu na ardhi, livute upande kwa mkupuo mmoja, nalo litachomoka na kitako chake cheupe. Kuchomoa namna hii huamsha macho, yaani vichipukizi vilivyolala katika shina la chini ya ardhi, ilhali kisiki kinachobaki baada ya kukata hakiamshi chochote. Yale mashina membamba yasiyo na maua yachomoe vilevile, lakini machache kwa wakati, maana mmea unahitaji majani ili kujilisha. Vipande vipya usivivute katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa vinaweza kung'oka vyote. Hapo mkasi unaruhusiwa. Vaa glavu pia, kwani utomvu wake huwasababishia baadhi ya watu muwasho na vipele mikononi.

SWALI: Je, maua haya yanaweza kustawi Tanga mjini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa haki kabisa, ndugu yangu, sikushauri utumie fedha zako. Udongo wa pwani una joto karibu mwaka mzima, na kivuli peke yake hakitaupoza kiasi cha kutosha. Utapata majani, na maua kwa nadra sana. Ikiwa una jamaa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, mpelekee yeye mizizi ukiipata, naye akuletee maua, kwa kuwa yakichumwa pindi matumba ya kwanza yanapoanza kufunguka hudumu hadi wiki mbili katika chombo cha maji safi. Bustanini kwako panda asumini na helikonia, ambazo hazina ugomvi na joto la Tanga.