Mwamba ulitoboa ubao mmoja wa mashua, kutu ilikuwa imeshaachanisha tatu

Ilikuwa msimu wa kaskazi, siku ya 18 ya mwezi kwa hesabu ya mwandamo, jua ndio linatua. Tulikuwa tunateremka kutoka Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwenda kisiwa cha Tumbatu na shehena ya mbao na mabati ya kuezekea. Mashua yenyewe ni ya marehemu mjomba wangu, futi 28, imekaa majini zaidi ya miaka 30. Mkuku, ule mti mkubwa wa chini ya chombo, ulikwaruza mara moja, ukanyamaza, ukakwaruza tena, kisha chombo kikasimama na tanga limejaa upepo. Tumepanda mwamba, na maji yamejaa, ndio kwanza yanaanza kutoka.

Naandika kwa mwenye chombo cha mbao kikuukuu, kwa sababu usiku ule na wiki zilizofuata zilinionyesha kwamba kuna mambo ya mashua yangu nilikuwa siyajui kabisa.

Tanga kwanza. Teremsha foromali, mti unaobeba tanga, hapo hapo, maana kaskazi ikikusukuma kwa nyuma, kila wimbi linakupandisha zaidi. Kisha inua mbao za chini utazame ngama, pale chini ndani ya chombo panapokusanya maji. Vijana wengi hurukia majini kusukuma kabla hawajajua chombo kina tundu au hakina. Kama maji yanaingia kwa nguvu, ukiking'oa mwambani unakipeleka kikazame penye kina. Ule mwamba uliokuumiza ndio unaokushika kwa wakati huo, uache ukushike.

Halafu uhesabu mwezi. Maji ya bamvua huwa makubwa kabisa siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na hapa kwetu Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Baada ya hapo kila siku yanajaa kidogo kuliko jana, mpaka maji mafu. Ukipwelewa, yaani maji yakikupwa yakakuacha juu ya mwamba, bamvua bado linapanda, yanayokuja yatakuinua bila taabu. Ukipwelewa linashuka, kama sisi, una nafasi moja, pengine mbili. Ukizikosa utakaa juu ya mawe karibu wiki mbili, na mawimbi yanakupiga kila maji yakirudi. Hesabu hiyo ndiyo iliyotufanya tusilale.

Wavuvi wawili wenye ngalawa walitusikia, Mungu awalipe. Mabati na mbao tulizihamishia kwao kwa safari tatu. Farumi yetu, uzito wa kukituliza chombo, ilikuwa viroba vya mchanga, tukaitupa yote. Nanga kubwa tukaipakia ngalawani, ikapelekwa nyuma ya tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, penye kina, kamba tukaikaza. Na kabla maji hayajatuacha tukatia magadi, miti ya kukiegemeza chombo kisilale, miwili kila ubavu. Hili la magadi nalisisitiza. Chombo kikilala ubavu juu ya mawe, uzito wote unakaa kwenye mbao mbili tatu na mataruma yake, yaani mbavu za ndani zinazoshika mbao, na cha zamani hakina nguvu ya kuuhimili. Ukiwa safarini bila miti ya magadi, foromali na makasia yatafaa.

Saa sita usiku maji yamekupwa, tukazunguka na tochi. Tundu lilikuwa ubao wa pili kutoka mkukuni, ubavu wa kushoto, unaingia mkono. Tukalijaza matambara na pamba iliyolowekwa shahamu (mafuta ya mnyama), tukapigilia kiroba juu yake na kipande cha bati juu ya kiroba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yakajaa, tukavuta kamba ya nanga wote kwa pamoja, mashua ikatoka. Tukakokotwa na boti ya mashine mpaka Nungwi, tukifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kwa zamu njia nzima.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Nilidhani nina tundu moja la kuziba. Fundi wetu, mzee aliyeanza kushika tezo akiwa mtoto, alipofika pwani hakulitazama lile tundu. Alianzia omo, sehemu ya mbele, akawa anagonga kila ubao kwa kitako cha nyundo na kusikiliza.

"Mzee, tundu liko huku," nikamwambia.

"Nimeliona, mwanangu. Natafuta lililoleta tundu."

Akachomoa msumari mmoja, mbali na palipovunjika. Kichwa chake kilikuwa kizima, kinang'aa rangi. Katikati ulikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Akachomoa wa pili, wa tatu, yote vile vile. Chuma kikikaa ndani ya mbao yenye maji ya chumvi kinaliwa na kutu, na kutu nayo inaula mti unaoizunguka, tundu linapanuka, msumari unabaki unaning'inia tu. Kwa nje huoni kitu. Mwamba ulitoboa ubao mmoja, lakini mbao tatu za jirani zilikuwa zimeshaachana na mataruma zamani, nami nilikuwa nabeba watu ndani yake. Jambo hilo bado linanikosesha raha.

Kwa hiyo chombo chako kikigonga, kikague chote. Tazama michirizi ya kutu inayotoka kwenye vichwa vya misumari. Gonga: ubao mzima unalia, uliokufa unatoa sauti ya kiziwi. Chomeka ncha ya kisu pale ubao unapokutana na mkuku, na kwenye fashini, mti uliosimama mwishoni mwa mkuku. Tikisa usukani uone kama rumada, bawaba zake, zimelegea, maana chombo kikikaa juu ya mwamba usukani ndio hupigwa sana. Tazama mguu wa mlingoti nao. Na chomoa misumari michache, upande huu na huu. Usiamini kichwa cha msumari.

Tulibadilisha mbao nne na mataruma matano. Mataruma tuliweka ya mlilana, mti wa jamii ya mikoko, umbo lake limepinda tangu mtini, hulazimiki kukata mti kinyume na nyuzi zake. Mikoko inataka kibali, kafuate kibali. Ubao mpya uishie juu ya taruma, usiishie hewani, na maungio ya mbao mbili zinazopakana yasikae mstari mmoja. Fundi hutoboa kwa keekee kwanza ili ubao usipasuke, kisha anauvisha msumari pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kuupigilia. Tumia misumari iliyopakwa zinki, yote ya aina moja. Niliwahi kushauriwa nichanganye na parafujo za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa haraka, na dhaifu hapo ni msumari wako.

Kuhusu saruji siwezi kunyamaza. Ndani ya ngama nilikuta kiraka cha saruji cha miaka ya nyuma, kigumu kama jiwe. Tulipokivunja, taruma lililokuwa chini yake lilitoka kwa vidole, kama mkate uliolowa. Saruji haishikani na mbao inayovimba na kusinyaa, inafungia maji tu. Hali kadhalika faiba inayopakwa juu ya mbao kuukuu yenye unyevu. Inapendeza mwaka wa kwanza.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, inasukumwa kwa patasi mpaka ishibe, basi. Ukiisindilia mno, mbao zikivimba majini zinasukumana na kuchomoa misumari mipya uliyoilipia. Na usiache chombo juani wiki nzima ukisubiri fedha ya fundi. Kifunike makuti, mwagia maji ya bahari ndani asubuhi na jioni. Kikishushwa kitavuja siku moja au mbili mpaka mbao zinywe. Kaa karibu na upo wako, kata ya kufulia maji, usiogope.

Matunzo yangu ya sasa ni haya. Baada ya kila bamvua mbili napandisha, nachoma chini kwa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mbao, nakwangua, napaka deheni ya chokaa na shahamu. Juu ya maji napaka sifa, mafuta ya samaki. Masika nafua maji ya mvua siku ile ile, kwa sababu maji matamu ndiyo yanayoozesha mbao, ya chumvi yanazihifadhi. Na kila nikipandisha nachomoa misumari mitatu mahali tofauti.

Mara ya mwisho mmoja wa ubavu wa kulia, karibu na tezi, ulitoka mwembamba. Ubao huo unafunguliwa. Fundi ameniambia nipandishe kilele cha bamvua la mwandamo ujao, tupate siku kama 14 za kufanya kazi kabla maji hayajafika tena pale juu.