Gumba likilegea, usikubali likandwe

Nilianguka kutoka juu ya punda karibu na gati la Lamu, fimbo ikiwa mkononi na kitanzi chake kimeshika kifundo cha mkono. Nilitua kwa kiganja. Fimbo ikalisukuma gumba nje, mbali na kidole cha shahada, nikasikia ta!

Usiku ule ami akalichua kwa mafuta ya nazi, kisha akalivuta ili "lirudi mahali pake". Alinitakia heri, lakini ndugu zangu, msikubali kuvutwa. Kano, yaani ule ugwe unaolishikilia gumba kwenye kiungo chake upande wa shahada, ikiwa imechanika nusu, ukiivuta, yaweza kukatika yote.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umepungua, nikajiona nimepona. Jioni barazani nikapewa kahawa. Kile kikombe kidogo kisicho na mkono hushikwa kwa gumba na shahada tu. Kikaniponyoka, kahawa yote ikaingia kwenye kanzu. Maumivu yalikuwa madogo. Kilichokwisha ni nguvu ya kubana, na hiyo ndiyo dalili ya kuogopa kuliko uvimbe.

Daktari alianza na eksirei, kwa sababu kano hii wakati mwingine hung'oka na kipande cha mfupa. Ndipo akalisukuma gumba taratibu upande, akalilinganisha na la mkono mzima. Likifunguka zaidi ya digrii 30 hivi, au likilipita zima kwa digrii 15, kano huenda imekatika kabisa. Akaniambia wanaoteleza kwenye theluji huumia hivi hivi, wanapoanguka na fimbo zao mkononi. Hata jina la jeraha, kwa Kiingereza "skier's thumb", limetokana nao.

Langu lilichanika nusu. Nilifungwa gango kutoka kwenye gumba hadi juu ya kifundo cha mkono, wiki sita, kisha mazoezi.

Aliyekatikiwa kabisa, gango peke yake mara nyingi halimtoshi. Mwaka 1962 daktari Stener wa Sweden alionyesha kwamba ncha ya kano huweza kuchomoka ikakaa juu ya utando wa msuli, isiweze tena kugusana na mfupa wake. Utapapasa kinundu chini ya gumba, upande wa shahada. Hapo ni upasuaji, na wiki tatu za mwanzo ndizo nzuri. Ukichelewa, kano hujikunja na kazi ya kuiunga huwa ngumu.

Ukianguka, iachie fimbo. Na kama ina kitanzi, kikate leo. Changu nimeshakikata.