Usikimbilie Darubini Kubwa

Juzi msomaji kaniandikia: anataka kuona nyota ya Wolf-Rayet, je, akope anunue darubini ya ukubwa gani? Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilimeza akiba yangu ya miaka miwili.

Najua unachokitaka, maana ndicho nilichokitaka: kuiona nyota iliyojivua nguo. Nyota hizi huzaliwa nzito mno, zikapeperusha haidrojeni yao ya nje, mpaka kilichokuwa ndani kikabaki wazi. Uso wa Jua haufiki nyuzi 6,000. Hizi huanzia kama 30,000, na chache zimepita 200,000. Lakini kwenye darubini, hata iwe pipa, utaona kitone tu.

Kilichonifungua macho ni kioo chenye mistari myembamba kinachopasua mwanga, upana wa sarafu, nilichokifunga mbele ya kamera ya kawaida. Nikalenga Gamma Velorum, kwenye kundinyota la Shiraa, inayoonekana kwa macho matupu. Nyota za jirani zilitoa utepe laini wa rangi. Wake ulikuwa na mafundo: moja nono kwenye buluu, jingine kwenye njano. Nikadhani ni uchafu. Nikafuta kioo mara tatu, mafundo yako palepale.

Nikawaonyesha wajuzi. Mmoja akanijibu kwamba sijui hata kufokasi. Nikaifuta picha. Hadi leo inaniuma.

Mafundo yale yalikuwa nuru ya kaboni iliyobaki wazi! Upepo wa nyota ile unatoka kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Gesi nyingine inatujia, nyingine inatukimbia, ndipo mstari wake wa nuru unaponenepa ukawa fundo. Mistari minene ya namna hiyo ndiyo waliyoiona wanaastronomia Charles Wolf na Georges Rayet huko Paris mwaka 1867, katika nyota tatu za kundinyota la Dajaja. Wao hawakufuta.

Kwa hiyo pasua mwanga kwanza, ukubwa baadaye. Ukiona ajabu, piga tena kesho yake. Mnapenda vifaa kuliko kukesha, jamani, halafu mnalalamika anga haiwapi kitu!

Msomaji wangu, usikope. Itafute Gamma Velorum jioni za Februari na Machi. Ukiwa kaskazini sana haichomozi; huko lenga WR 140, nyota nyingine ya Wolf-Rayet, ya Dajaja, na hapo darubini ndogo utaihitaji.