Kufuma kwa Nyuzi Mbili: Anza Kutazama Upande wa Nyuma

Tangu nianze kufuma maua kwa rangi mbili, sweta la rangi moja nimeliachia zile siku ninazotaka mikono ifanye kazi bila kufikiri. Kofia haijaisha, nimeshachagua rangi za soksi. Soksi ziko kwenye sindano, jicho liko kwenye sweta lenye maua kuzunguka mabega. Kwa anayetamani kuanza, nasema hivi: ukiona kazi ya namna hii, usiishie kusifia maua. Igeuze utazame nyuma, maana huko ndiko kazi ilikofanyikia.

Kila mstari unabeba nyuzi mbili. Rangi moja ikifumwa, ya pili inapita kwa nyuma ikingoja zamu yake. Kile kipande kinachopita nyuma kikibanwa, kitambaa kinajikunyata na kofia haiingii kichwani. Kikilegea, vitanzi vya pembeni yake vinapwaya na vidole vinakwama ndani ya glavu. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kubadili rangi, sogeza vitanzi ulivyokwisha kufuma kwenye sindano ya kulia, uvitandaze vikae kwa upana wake wenyewe, ndipo ushike rangi nyingine. Fanya hivyo kila mara, hata ukiwa na haraka. Nikifuma kitu chembamba kama mkono wa sweta, hugeuza kazi ndani nje, ili uzi upite upande wa nje wa duara ambako njia ni ndefu kidogo. Mkono wangu hubana, na mbinu hii hunifaa sana.

Rangi ikikaa zaidi ya vitanzi 5 hivi bila kutumika, ishikize: upitishe uzi unaofuma juu yake mara moja, kisha uendelee. Ila usishikize mahali pale pale mstari kwa mstari, kwa sababu alama itaanza kuonekana mbele.

Lipo jambo jingine ambalo vielelezo vingi hulitaja kwa maneno mawili matatu tu, nami naona linastahili kukaziwa. Nyuzi mbili zikipita nyuma, mmoja hukaa juu na mwingine chini, na ule wa chini hutoa vitanzi vikubwa kidogo vinavyojitokeza zaidi mbele. Basi rangi ya ua ikae chini, rangi ya ardhi, yaani ile inayolizunguka ua, ikae juu, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi hushika rangi ya ua mkono wa kushoto na ya ardhi mkono wa kulia, na nikiweka kazi chini naandika pembeni ya mchoro nimeshikaje. Ukibadilisha katikati, ua lile lile litaonekana limefifia kuanzia hapo, na hakuna kufua kutakakolirekebisha.

Rangi zenyewe zipige picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu kabla hujaanza. Nyekundu na kijani huonekana mbali sana zikiwa mezani, kumbe pengine zimekoza sawasawa, na kwenye picha zinakuwa kijivu kimoja. Zikifumwa pamoja, ua linamezwa. Moja iwe imekoza, nyingine imepauka.

Kuhusu uzi, chagua sufu yenye manyoya kidogo. Vitanzi vyake hushikana, na ukiilowesha na kuitandaza ikauke, mistari iliyoyumba hutulia. Pamba huteleza na huonyesha kila kitanzi kisicho sawa; iache kwanza.

Kazi ya kwanza iwe kofia, ifumwe kwa duara. Upande wa mbele unakuelekea muda wote, kwa hiyo unausoma mchoro unavyokwenda. Lakini fuma kipande cha majaribio kwanza, nacho kwa duara na kwa rangi zote mbili, kisha hesabu vitanzi katika sentimita 10. Wengi wetu hubana zaidi tukishika nyuzi mbili, na huenda ukahitaji sindano nene kidogo kuliko ile unayotumia siku zote.

Usiogope masweta yenye rangi nyingi. Fair Isle, kisiwa kidogo kilichoko kati ya Orkney na Shetland kaskazini mwa Uskoti, kimejulikana duniani kwa masweta ya aina hii, hasa baada ya Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, kuyavaa miaka ya 1920. Ukilitazama sweta lao unaona rangi chungu nzima, lakini ukifuata mstari mmoja mmoja, kwa desturi yao hukuti zaidi ya rangi mbili. Vivyo hivyo glavu za Selbu huko Norwei, zenye ua la petali nane: nyeusi na nyeupe, basi, na uzuri wake unatosha kabisa. Anayeweza kofia ameshajua sehemu kubwa ya kazi hizo.

Sasa hivi kwenye sindano nina kizibao ninachokifuma kama mfuko mzima, bila uwazi wa mikono. Uwazi huo utakatwa kwa mkasi. Ndiyo, mkasi kwenye kitambaa cha kufuma! Unaongeza vitanzi vichache mahali pa kukatia, ukimaliza unashona imara kila upande wa mstari wa katikati, halafu unakata. Sufu yenye manyoya haikimbilii kufumuka. Jizoeze kwanza kwenye kile kipande cha majaribio: kishone, ukikate, ukivute kwa nguvu pande zote uone kinavyoshika. Kwa kizibao chenyewe, tumia mkasi mdogo wenye makali, kata mchana penye mwanga, na ingiza kipande cha karatasi ngumu ndani ili mkasi usifikie upande wa pili.