Maji Yalifika Wapi Ukutani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nakaa Kigogo huku bondeni karibu na Mto Msimbazi, juzi wamekuja vijana wa chuo na tepu, wapo na mwenzao kavaa fulana ya shirika la misaada, wananiuliza mafuriko yaliyopita maji yalifika wapi ukutani. Nikawaonyesha doa wakapima, wakapima na mtaro, wakaenda zao. Imeniuma, sisi tunakimbia na magodoro kichwani wao wanapima doa. Linatusaidia nini?
Mama wawili, Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hasira yako naielewa, ila lile doa lina kazi kubwa. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatuambia mvua kubwa inakuja, tahadhari zao zinatazama hadi siku 5 mbele, lakini kujua mvua inakuja sio kujua itaingia nyumba ya nani. Msimbazi unaanzia kule juu milima ya Pugu, mvua ikipiga huko maji yanawafikia nyie hata kama Kigogo jua linawaka, sasa yatajaa mpaka wapi? Hapo ndo wataalamu wanahitaji kimo cha maji ya zamani na upana wa mtaro wenu, na hivyo satelaiti haivioni, anavijua anayekaa hapo.

Unakumbuka Disemba 2011? Mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, familia kibao zikahamishiwa Mabwepande. Basi 2015 ukaanza mradi wa kuchora ramani unaoitwa Ramani Huria, wakaungana COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia, wanafunzi na wenyeji wakatembea kata kwa kata, Tandale huko, droni juu wao chini, wakachora nyumba, mitaro na makalavati kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo hata wewe unaifungua bure kwa simu. Ramani hiyo ukiiweka kwenye programu ya InaSAFE, iliyoanzia Indonesia, pamoja na makadirio ya mafuriko ya wanasayansi, inakuonyesha nyumba ngapi zitaguswa na shule ipi, kwahiyo mtu wa misaada anapanga mapema badala ya kuanza kuuliza njia maji yakiwa kiunoni.

Ila kwenye moja nipo na wewe kabisa. Kuchukua vipimo vya watu halafu usirudi sio haki, mi hilo sikubali. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, hao vijana lazima walipita na barua, uliza wametoka chuo gani na ramani inarudi lini ibandikwe hapo ukutani kila mtu aione. Na lile kalavati linaloziba kila masika litaje hapohapo liandikwe.

TMA wakitoa rangi ya chungwa, hiyo ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, usingoje uone maji. Vyeti vya watoto na dawa weka kwenye ndoo yenye mfuniko, iwe juu kabatini tangu sasa. Na ukija kupaka nyumba rangi, pale kwenye doa gongelea hata msumari, wengine watakuja kupima.